Mtaa Usio na Kura

Gari lilipatikana kabla ya mwenyewe. Mlinzi wa maduka ya Yorkdale alilikuta Jumapili asubuhi kwenye maegesho, upande wa kituo cha mabasi yanayokwenda kaskazini. Milango ilikuwa imefungwa vizuri, na majani mekundu ya Oktoba yalikuwa yamerundikana kwenye kioo cha mbele.

Noordin Jiwa alilizunguka mara moja bila kuligusa. Alikuwa mtu mfupi aliyekaribia miaka sitini, na kabla ya kuhamia Toronto alikuwa mpelelezi wa polisi Dar es Salaam. Siku hizi alifanya kazi peke yake, katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na wateja wake wengi walikuwa wake waliotaka kujua waume zao wanakwenda wapi jioni. Safari hii mteja alikuwa binti anayemtafuta baba.

Binti mwenyewe, Fiorella Brazzale, alisimama kando na ufunguo wa akiba mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, mrefu, msimamizi wa hesabu katika kiwanda cha baba yake, na tangu Ijumaa hakuwa amelala vizuri. Polisi walikuwa wameandika maelezo yake, kisha wakamwambia kwa adabu kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuondoka nyumbani kwake bila kuaga.

Lakini huyu hakuwa mtu mzima wa kawaida. Ottorino Brazzale, Mwitaliano wa miaka sabini na minne, alikuwa na kiwanda cha sufuria huko Vaughan. Alikuwa rais wa klabu ya mpira iitwayo Leoni, na alikuwa diwani wa North York aliyekuwa akigombea tena kiti chake. Mdahalo wa wagombea ulikuwa kesho yake. Tayari gazeti moja lilikuwa limeuliza, kwa herufi kubwa, kama diwani amekimbia na amekimbia nini.

"Hilo gazeti halinisumbui," Fiorella alisema. "Baba ana kisukari. Anachomwa sindano kila siku. Nimefungua friji nimeikuta insulini yote mle ndani. Mtu anayeondoka kwa hiari yake angeiacha?"

Noordin alimwomba afungue mlango wa abiria, akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Juu ya kiti palikuwa na doa la rangi ya chungwa, limefutwa kwa kitambaa chenye maji likaishia kuenea zaidi. Akaligusa kwa kidole, akakinusa. Chini ya kiti akaokota kipande kidogo cha karatasi ngumu chenye uzi. Ilikuwa lebo ya nguo za kulalia za mwanamume, saizi ndogo.

"Baba yako anavaa saizi gani?"

Fiorella nusura atabasamu. Ottorino Brazzale alikuwa na kifua kama pipa. Mashati yake yalishonwa na fundi mmoja wa mtaa wa St. Clair kwa sababu dukani hayakupatikana.

"Basi kuna mtu mdogo aliyenunuliwa nguo za kulalia," Noordin alisema. "Na hili doa ni mawese. Hapa wanaoyapikia ni watu wa Kongo na Burundi, na wengine wa Afrika ya Magharibi. Baba yako ana rafiki gani kati yao?"

Uso wa Fiorella ulibadilika. Alisema baba yake hakuwa na rafiki wa Kongo. Familia iliishi huko zamani, hata Fiorella alizaliwa Bukavu na kukulia Bukavu, na kiwanda cha kwanza cha sufuria kilikuwa huko. Mwaka 1973 serikali ikanyang'anya mali za wageni, wakapandishwa ndege na masanduku mawili. Mama yake, Ines, alifariki majira ya baridi yaliyofuata, hapa Toronto, katika chumba cha kupanga. Tangu hapo Bukavu haikutajwa mezani.

"Alikichukua nani kiwanda?" Noordin aliuliza.

"Nahodha wa timu ya kiwanda. Anaitwa Pascal. Alikula kwetu kila Jumapili. Siku hiyo alipanda jukwaani akamtukana baba mbele ya wafanyakazi wote, akapokea funguo, na hakuja hata kutuaga." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Hana uhusiano na haya. Nadhani amekufa."

Kutoka hapo Noordin alikwenda kwa mfamasia. Duka la dawa lilikuwa Don Mills, na mwenye duka alikuwa Gulshan, mwanamke aliyesoma shule moja na mke wa Noordin kule Upanga. Familia ya Brazzale ilinunua dawa kwake kwa miaka mingi, kwa sababu mzee alipenda kuingia dukani akamsalimia kwa Kiswahili na kumwuliza kama amekula. Noordin alimweleza shida iliyomleta. Gulshan aliendelea kupanga chupa kwenye rafu.

"Noordinbhai, kaka yangu, unajua siwezi kukuambia mambo ya wagonjwa wangu."

"Najua. Sikuulizi hayo. Nataka kujua jambo langu mimi. Nikimwambia yule binti kwamba leo ana haki ya kuogopa, nitakuwa nimemwambia kweli?"

Gulshan akaweka chupa ya mwisho mahali pake.

"Mwambie alale," alisema.

Noordin akashukuru akatoka. Kwa hiyo mzee alikuwa hai, na insulini alikuwa nayo, ila siyo ile ya nyumbani. Aliondoka Ijumaa akidhani atarudi jioni. Huko alikokwenda kikatokea kitu kilichomzuia kurudi, na mtu akatumwa kumchukulia dawa mpya. Aliyetekwa nyara hatumi mtu kwa mfamasia wake.

Ofisi ya kampeni ilikuwa katika duka tupu lililokodiwa, picha ya diwani imebandikwa dirishani akiwa amekunja mikono mbele ya rundo la sufuria. Meneja wa kampeni aliitwa Moez, kijana mwerevu mwenye tai na simu mbili. Yeye alikuwa na majibu mawili tayari, na alikuwa akiyapenda yote mawili.

La kwanza lilikuwa kwamba mpinzani wao, wakili mmoja tajiri, alimrubuni mzee aende mahali ili aukose mdahalo. Noordin alimwuliza ana ushahidi gani. Moez akasema wakili huyo ni mtu wa aina hiyo. Jibu la pili alilisema kwa kunong'ona, baada ya kufunga mlango. Mzee alikuwa na mwanamke. Watu wawili wa kujitolea walimwona, mara tatu au nne, akimshusha mwanamke Mwafrika aliyevaa sare za wauguzi.

"Kama gazeti likilipata hilo tumekwisha," Moez alisema.

"Mwanamke mwenye umbo gani?"

Moez hakuelewa umuhimu wa swali hilo, lakini alijibu kwamba wanasema ni mrefu, mnene kidogo. Noordin akatikisa kichwa. Huyo naye hangeenea katika nguo za kulalia za saizi ndogo, tena za kiume. Akamwomba Moez amweleze mzee alifanyaje kampeni wiki za karibuni, alikwenda wapi, nyumba zipi.

Hapo Moez alipata nafasi ya kutoa dukuduku lake. Alisema kumfanyia kazi Brazzale ni kama kuchunga mbuzi mwenye busara zake. Ukimpeleka kwenye nyumba za wazee wa Kiitaliano ambako kura zote ni zake, anakaa dakika tano, anaaga. Lakini Lawrence Heights, kule kwenye nyumba za serikali, anakwenda peke yake. Alikwenda mara ya kwanza Septemba, kugonga milango kama kawaida. Tangu hapo anarudi, na anarudi mtaa uleule. Waliojaa pale ni wakimbizi waliofika juzi.

"Mtaa mzima hauna kura kumi," Moez alilalamika. "Hawana uraia. Nimemwambia, mzee, unatembelea watu wasioweza kukupigia kura. Anasema nimwache."

Noordin alipiga hesabu akirudi kwenye gari. Mwanasiasa havunji soli ya kiatu pasipo na kura. Akienda mara moja amepotea njia, na akienda mara kumi basi si siasa iliyompeleka. Tena Lawrence Heights na maegesho ya Yorkdale ni pua na mdomo. Mtu asiyetaka gari lake lionekane mtaani angeliacha Yorkdale na kutembea.

Lilikuwa limebaki jambo moja la kuhakikisha, nani aliyepeleka dawa. Hakuwa mtu wa nyumbani wala wa kampeni, basi walibaki watu wa mpira. Noordin akaendesha hadi kwenye uwanja wa Leoni, nyuma ya kiwanda.

Mazoezi yalikuwa yakiendelea kwenye nyasi zilizolowa. Kocha aliitwa Philip, Mkenya wa Kakamega, mtu mtulivu ambaye siku za kazi aliendesha lori la kiwanda. Wachezaji walikuwa mchanganyiko wa watoto wa Kiitaliano, Wakaribi, Waghana na Wairani, na karibu wote walifanya kazi kwenye mashine za sufuria. Walipojua Noordin anamtafuta rais wao walimzunguka, kila mmoja na hadithi yake. Mmoja alisema alipovunjika mguu mzee alimlipa mshahara wake wote hadi alipopona. Mwingine alisema Julai, Italia ilipopoteza fainali kwa penalti, mzee aliingia kiwandani kesho yake na miwani myeusi, akakaa ofisini bila kusema neno, na saa ya chakula akatoka akawaambia kwamba penalti si mpira. Golikipa akaongeza kwamba katika baraza la madiwani aliwahi kugonga meza kwa kiatu akidai taa za uwanja mmoja wa North York, akatolewa nje, akarudi kupitia mlango wa jikoni.

Walicheka, kisha wakarudi uwanjani.

Noordin alimvuta Philip pembeni. Mfuko wa vifaa ulikuwa wazi miguuni pao, na kati ya bandeji na chupa za maji ulionekana mfuko mdogo wa karatasi wenye muhuri wa duka la Gulshan.

"Kuna mchezaji kaumia?" Noordin aliuliza.

"Kifundo cha mguu tu, mzee. Nilimnunulia dawa ya kuchua."

"Umetoka Vaughan hadi Don Mills, umepita maduka ya dawa mangapi, ukanunue dawa ya kuchua?"

Philip aliangalia uwanjani. Alipuliza filimbi, akawapangia vijana zoezi lingine, akarudi. Hakuonekana mwenye hofu. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Unaweza kuniuliza mpaka kesho," alisema kwa upole. "Yeye mzima. Hajalazimishwa na mtu. Zaidi ya hapo nilimpa neno langu."

"Alikuambia kwa nini binti yake asijue?"

"Alisema binti yake ndiye asiyepaswa kujua kuliko wote."

Noordin hakumsukuma zaidi. Alikuwa amepata zaidi ya alichokijia. Kama siri yake ingekuwa mwanamke, mzee asiye na mke angeona haya mbele ya magazeti, siyo mbele ya binti wa miaka thelathini na saba. Na jambo pekee ambalo Fiorella alilisema asubuhi ile kwa uchungu lilikuwa jina la mtu mmoja.

Aliingia Lawrence Heights mchana, ibada zilipokwisha. Alikuwa amenunua machungwa na mkate. Hakuuliza mzungu yuko wapi. Kuuliza hivyo kwenye mtaa wa wakimbizi ni kufunga milango yote. Muuguzi, nguo za kulalia za mtu mdogo na mzee aliyekaa siku mbili bila kurudi kwake vilimwambia kwamba kuna mgonjwa, na mgonjwa hafichwi. Nje ya ukumbi uliotumiwa kama kanisa akawaamkia akina mama wawili waliokuwa wakifunga vyombo, akasema amechelewa, amekuja kumwona muzee Pascal, na kati ya nyumba hizi zote zinazofanana amepotea.

Walitazama machungwa. Mmoja akamwonyesha kwa mkono.

"Ile ya mlango wa buluu, papa. Kwa Mama Donatienne. Ufanye haraka, muzee amechoka sana."

Mlango wa buluu ulifunguliwa na mwanamke mrefu, mnene kidogo, aliyekuwa bado na sare za nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alipomwona mtu asiyemjua alishika mlango. Noordin alimsalimia, akajitambulisha kwa jina na kwa kazi yake, kwa sababu hakuona sababu ya kumdanganya mtu anayeuguza mgonjwa. Kutoka ndani zilisikika sauti mbili za wazee zikibishana.

"Mpira ulitoka," ilisema moja, dhaifu, yenye pumzi za kukatika.

"Haukutoka. Miye nilikuwa nyuma ya goli, nimeona na macho yangu."

"Patron, weye ulikuwa nyuma ya goli unalia. Utaona nini?"

Donatienne aliangalia chini, akacheka bila sauti, akamfungulia mlango.

Kitanda kilikuwa sebuleni karibu na dirisha. Juu yake alilala mzee mwembamba, ngozi imekuwa ya manjano, ndani ya nguo mpya za kulalia. Kando yake, kwenye kiti cha jikoni kilichokuwa kikilalamika chini ya uzito wake, alikaa Ottorino Brazzale, hajanyoa ndevu, mikono ya shati imekunjwa. Alimtazama Noordin, akatazama machungwa, akaelewa.

"Fiorella," alisema.

"Ndiye aliyenituma, Mzee Brazzale. Hajalala tangu Ijumaa."

Yaliyobaki mzee aliyasimulia jikoni, huku Donatienne akichemsha chai. Septemba aligonga mlango huu kama milango mingine, karatasi za kampeni mkononi. Ulifunguliwa na Pascal. Walitazamana mlangoni hadi chai ya ndani ikapoa. Miaka ishirini na mmoja ilikuwa imepita. Brazzale alisema alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kumwambia mtu huyu, alikuwa ameyaandaa kwa miaka yote hiyo, kwa Kiitaliano na kwa Kiswahili, na alipomwona amesimama pale mwembamba, ini limekwisha, lililomtoka kinywani lilikuwa moja tu, "Umekula?"

Tangu siku hiyo alikuja karibu kila siku. Donatienne alikuwa binti wa Pascal, muuguzi aliyesomea Bukavu, na ndiye aliyemleta baba yake Kanada kama mkimbizi mwaka uliopita. Ijumaa Pascal alizidiwa, akakataa kupelekwa hospitali, akamwomba patron wake, bosi wake wa zamani, asiende. Basi hakwenda. Donatienne alimchoma sindano za kisukari mgeni wake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamlisha baba yake.

"Ungempigia binti yako simu moja," Noordin alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimekaa na mtu aliyemuua mama yake? Ndivyo anavyoamini. Mimi mwenyewe niliamini hivyo."

"Na sasa?"

Brazzale alizungusha kikombe. Alisema hajui. Amemwuliza Pascal mara nyingi kwa nini alizipokea zile funguo, na kila mara Pascal anamwambia wazungumze mpira.

Noordin alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka mingi kiasi cha kujua serikali hupenda kufanya mambo kwa namna moja. Akamwuliza mzee wageni wengine wa Bukavu waliofukuzwa mwaka ule waliondokaje. Brazzale akasema wengi walipewa muda, wakauza walichoweza, wakaondoka kwa barabara. Waliokosana na chama waliwekwa ndani. Mgiriki mmoja wa duka la baiskeli hakuonekana tena.

"Na wewe ulikosana na chama?"

"Mimi?" Mzee akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza Noordin alimwona yule diwani wa kwenye picha. "Walitaka wachezaji wangu wacheze ngoma ya kuwasifu wakubwa kabla ya mechi. Nikamwambia kamishna, wanangu wamekuja kucheza mpira. Nilimwambia mbele ya watu, uwanjani."

"Ukamwambia hayo kamishna mbele ya watu, na baada ya hapo ukapandishwa ndege na mke na mtoto na masanduku mawili. Haikukushangaza?"

Mzee akaweka kikombe mezani.

Noordin aliinuka akaishika simu iliyokuwa ukutani. Akasema ameajiriwa kumpata mtu, amempata, na hatamdanganya aliyemwajiri. Kama Mzee Brazzale anataka kutoroka kupitia mlango wa jikoni, anaujua ulipo. Brazzale hakusogea. Noordin akampigia Fiorella, akamwambia baba yake ni mzima, akamtajia nyumba, na akamtajia pia ni nyumba ya nani. Upande wa pili simu ikakatwa.

Alifika kabla chai haijaisha. Aliingia na koti lake, akapita mbele ya baba yake bila kumtazama, akasimama miguuni pa kitanda. Pascal aligeuza kichwa akamwangalia.

"Umefanana na Mama Ines," alisema.

"Usimtaje mama yangu." Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu cha msichana wa shule. "Nina swali moja tu. Ulikula kwetu kila siku ya Yezu, Jumapili zote. Kwa nini ulizipokea zile funguo?"

Pascal alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Brazzale aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Patron, nenda unywe chai."

"Siendi."

"Basi usiongee." Akameza mate kwa shida, akamrudia Fiorella. "Kamishna alikuja nyumbani kwangu. Alisema, mzungu wako amenitukana uwanjani, kwa hiyo Jumatatu anakwenda kambini. Nilijua ile kambi. Watu walikuwa wanaingia tu. Nikamwuliza, unataka nini? Akasema anataka kiwanda, lakini akikichukua yeye wafanyakazi watamkatalia. Miye wananipenda. Nipande jukwaani, nimtukane mzungu, nipokee funguo, halafu nimpe yeye polepole. Nikasema nitapanda. Lakini hawa watatu waondoke na ndege siku hiyohiyo."

Donatienne alikuwa ameshika birika na hakuwa akimimina. Ilikuwa dhahiri kwamba naye hakuwahi kuyasikia.

"Kwa nini hukutuambia?" Fiorella aliuliza. "Hata kwa siri. Hata neno moja."

"Mama yako alikuwa mtu wa kweli. Angejua, angenishika mkono mbele ya askari, angelia. Kamishna angeona kwamba tulipanga, na ndege isingeruka." Akapumua. "Ilibidi munichukie vizuri."

"Lakini tumeonana tangu Septemba," Brazzale alisema, akisahau kwamba amekatazwa. "Kila siku nakuuliza."

"Ungeanza kunishukuru. Unajua weye ukianza kitu huachi. Miye nilitaka tuongee mpira."

Brazzale, mtu aliyetolewa barazani kwa kelele, aliketi kwenye kiti cha jikoni akafunika uso kwa mikono miwili. Fiorella alibaki amesimama. Noordin alimwona akitafuta cha kufanya na mikono yake. Mwishowe alivua koti, akalikunja, akakinyanyua taratibu kichwa cha Pascal kilichokuwa kimeteleza pembeni mwa mto, akaliweka chini yake.

"Ulifungwa?" aliuliza.

"Kidogo," alisema Pascal. "Baadaye. Mambo ya wachezaji na ile ngoma. Nitakueleza."

Alimweleza, siku mbili zilizofuata, kila alipopata nguvu. Jumatatu kiti cha Ottorino Brazzale kilikuwa kitupu kwenye mdahalo. Moez alitaka kutangaza kwamba diwani ana mafua, lakini Fiorella alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya kipaza sauti, akasema baba yake anamwuguza mtu na hatakuja, na anayetaka kumnyima kura kwa sababu hiyo amnyime. Wengine walipiga makofi. Wengi walimnyima. Novemba yule wakili alichukua kiti, na Moez alilia kuliko mgombea wake.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi ya wiki ya mdahalo, Pascal alizikwa. Noordin alikwenda kwa sababu Philip alimpigia simu, na alikaa nyuma, karibu na mlango wa ule ukumbi. Leoni walikuja wote wamevaa suti zisizowatosha. Kwaya iliimba kwa Kiswahili na Kifaransa. Mchungaji alipowaita wanafamilia wasimame karibu na jeneza ili watu wapite kuwapa pole, Donatienne alisimama, akasimama na mwanawe, kisha akageuka akaangalia viti vya mbele. Brazzale aliinuka polepole, binti yake kamshika kiwiko. Donatienne akasogea, akamwachia nafasi ya kwanza, pale anaposimama kaka mkubwa wa marehemu.

Watu walianza kupita mmoja mmoja. Walimpa mkono, wakamwambia maneno ya kufariji, naye alijibu kila mmoja kwa Kiswahili, machozi yakimtiririka hadi kwenye ukosi wa shati.

Bibi mmoja mgeni, aliyekaa karibu na Noordin, alimgusa mkono.

"Yule mzungu ni nani?" alinong'ona.

"Ndiye mfiwa, mama," Noordin alisema, akainuka akaingia kwenye mstari.